Kazi Zisizoandikwa: Nani Hasa Anayejificha?

Tuseme mhudumu wa duka la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwajiri wake akifuata sheria, atamkata 30,000 za mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), kisha ataongeza 30,000 nyingine za kwake. Atachangia nusu asilimia, yaani 1,500, kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Kama ana wafanyakazi kumi au zaidi, atalipa pia tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5, sawa na 10,500. Kwa jumla mhudumu huyo atamgharimu mwajiri 342,000, ilhali mkononi atapokea 270,000. Wakikubaliana kwamba hakuna kuandikishana, mwajiri anaokoa 42,000 na mhudumu anaondoka na 300,000 zake kamili. Kila mmoja anajiona amepata.

Lakini hizo 72,000 zilizofichwa ni za nani? Kodi ya mapato haimo kabisa, kwa sababu ukishatoa mchango wa NSSF kinachobaki ni 270,000, kiwango ambacho hakitozwi kodi. Shilingi 60,000 ni akiba ya uzeeni ya mfanyakazi mwenyewe, na 1,500 ni kinga yake akiumia kazini. Serikali inakosa 10,500 tu. Kenya hali inakaribiana: mwenye mshahara wa shilingi 20,000 za huko hatozwi kodi ya mapato, ila hukatwa takribani 2,050 za NSSF, bima ya afya ya SHIF na tozo ya nyumba. Katika mishahara ya chini, basi, sehemu kubwa ya kinachofichwa ni haki ya mfanyakazi kuliko kodi ya serikali.

Hesabu hii inabadilisha swali zima. Tumezoea kuzungumzia kazi zisizoandikwa kama suala la wakwepa kodi. Kazi isiyoandikwa ni kazi iliyo halali yenyewe, iwe kujenga, kuuza, kupika, kulea au kuendesha chombo, ila mamlaka za kodi, za hifadhi ya jamii na za kazi hazina habari nayo. Tukitaka kujua kwa nini watu wanaikubali, tuanze kwa kuuliza nani anapata nini na nani anabeba hasara baadaye.

Ukubwa wa jambo

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) ulifika Kenya kuchunguza tatizo la ajira. Mijini haukukuta watu waliokaa bure. Ulikuta waseremala, mafundi cherehani, wauza chakula na wafua vyuma waliofanya kazi kutwa nzima, wengine juani, bila jina lao kuwemo kwenye kitabu chochote. Ripoti ya ujumbe huo, ikifuata utafiti wa Keith Hart huko Accra, Ghana, ndiyo iliyoeneza dhana ya sekta isiyo rasmi. Wataalamu wengi wa wakati ule waliamini kwamba viwanda vikikua, kazi za namna hiyo zingetoweka zenyewe.

Hazikutoweka. Mwaka 2018 ILO ilikadiria kuwa watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wote wanaofanya kazi duniani, wako nje ya ajira rasmi. Kwa Afrika kiwango kilikuwa asilimia 85.8. Takwimu za taifa za Kenya, hata zikiwaweka kando wakulima wadogo, huonyesha kwamba zaidi ya wanane kati ya kumi wenye kazi wako katika sekta isiyo rasmi, inayoitwa huko jua kali. Jambo linalofanywa na walio wengi kiasi hiki haliwezi kuelezwa kwa ukorofi wa tabia.

Ndani ya umati huo kuna makundi mawili yasiyofanana. Kuna aliyejiajiri: mama ntilie, machinga, fundi viatu. Huyu mwenyewe ndiye anayeamua kujisajili au kutojisajili. Kuna pia aliye na mwajiri au bosi, ila hajaandikwa: dada wa kazi, saidia fundi, deiwaka wa daladala, kibarua anayesubiri kuchaguliwa getini kila alfajiri. Huyu wa pili mara nyingi hakuulizwa. Sera zetu huwachanganya wawili hawa, kisha humwandama yule wa kwanza kwa kuwa ndiye anayeonekana barabarani.

Je, tatizo ni urasimu?

Jibu lililovuma zaidi lilitoka Peru. Mchumi Hernando de Soto na wenzake walijaribu kusajili karakana ndogo ya ushonaji pembezoni mwa jiji la Lima kwa kufuata kila hatua ya sheria. Iliwachukua siku 289, na gharama ikafikia mara 31 ya kima cha chini cha mshahara wa mwezi. De Soto alisema maskini wako nje ya sheria kwa sababu mlango wa kuingilia ni mwembamba mno. Hoja hiyo ilifika Tanzania. Mwaka 2004 serikali ilianzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, kwa msaada wa taasisi ya de Soto.

Hoja ina ukweli. Anayeacha genge siku nzima kwenda kufuatilia leseni amepoteza mapato ya siku hiyo, na hana wa kumrudishia. Lakini kama urasimu ungekuwa sababu kuu, kuufuta kungewaleta watu wote, na majaribio yaliyofanywa hayaonyeshi hivyo.

Nchini Sri Lanka, watafiti Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waliwapa wenye biashara ndogo maelezo ya namna ya kujisajili na kuwarudishia gharama zote. Karibu hakuna aliyesogea. Walipoahidi kumlipa kila atakayejisajili kiasi cha faida ya nusu mwezi hadi mwezi mmoja, takribani mmoja kati ya watano alikubali. Dau lilipofika faida ya miezi miwili, nusu yao walijisajili.

Malawi, jirani yetu, iliongeza funzo jingine. Wafanyabiashara wadogo waliposaidiwa kusajili biashara bila gharama, takribani robo tatu walikubali. Waliposaidiwa kwa njia ileile kupata namba ya mlipakodi, ni kama wanne tu kati ya mia walioichukua. Watu hao hawakuogopa karatasi. Walipima kila karatasi itawafanyia nini, na ile iliyowapa jina la biashara bila kuwafungulia deni waliipokea kwa mikono miwili.

Akiba isiyoonekana na akiba inayoonekana

Kipimo hichohicho ndicho anachotumia mfanyakazi anapokubali kulipwa mkononi. Kwa Tanzania, pensheni ya uzee ya NSSF inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kwa mwenye ajira ya kudumu hilo ni jambo la kusubiri. Kwa saidia fundi anayefanya miezi minne kwenye jengo moja, anakaa miwili bila kazi, kisha anahamia jengo jingine kwa mkandarasi mwingine, miaka 15 ya michango ni safari ya maisha yote.

Juu ya umbali huo kuna mashaka. Wapo waliokatwa mshahara kwa miaka, kisha wakagundua kwamba mwajiri hakupeleka mchango hata mara moja. Mwaka 2012 mabadiliko ya sheria yalipogusa fao la kujitoa, wafanyakazi wengi, wa migodini wakiwa mstari wa mbele, walilalamika kwamba fedha zao zinafungiwa hadi uzeeni wakati kazi zao hazidumu mpaka uzeeni. Aliyeshuhudia hayo akiambiwa achague 30,000 leo au ahadi ya kesho, huchagua leo, na hakuna haja ya kumwita mjinga.

Ushahidi kwamba watu hawachukii kuchangia tunao mitaani. Mama lishe asiye na namba ya NSSF hupeleka hela ya kikoba kila wiki bila kukosa. Hucheza upatu, huchangia mfuko wa jamii wa kuzikana, na asipopeleka huona aibu. Hakuna mgambo anayemfuata. Anapeleka kwa sababu daftari analiona, mweka hazina anamjua kwa jina, na akifiwa watu wanakuja na ubani siku hiyohiyo. Mifuko rasmi ikilalamika kwamba wananchi hawana utamaduni wa kuweka akiba, iangalie kwanza vikoba.

Kumbukumbu ndefu ya kuandikwa

Mashaka ya watu kuhusu kuandikwa yana historia. Sheria ya kipande iliyotungwa Kenya mwaka 1915, na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kutembea na karatasi yenye alama za vidole na habari za waajiri wake. Aliyeacha kazi bila ruhusa alisakwa kwa karatasi hiyo. Kodi ya nyumba na ya kichwa nazo zilimfikia mtu kupitia orodha. Kwa vizazi kadhaa, kuandikwa kulimaanisha kutozwa, kufuatiliwa au kupelekwa kazini kwa nguvu.

Uhuru haukufuta hisia hiyo moja kwa moja. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 nchini Tanzania ilitaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na waliokosa uthibitisho walikamatwa mijini na kurudishwa vijijini. Hicho kilikuwa kipindi ambacho mshahara wa mtumishi haukutosha mwezi, na hata wafanyakazi wa serikali walifuga kuku, wakauza maandazi na kushona nguo ili familia zile. Mtafiti Aili Mari Tripp ameeleza katika kitabu chake cha 1997 jinsi wakazi wa Dar es Salaam walivyoendelea na miradi yao hadi dola yenyewe ikalazimika kulegeza masharti. Funzo lililobaki mitaani lilikuwa wazi: kilichoiokoa familia ni kile ambacho hakikuandikwa.

Desemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Wengi walivinunua, na sababu haikuwa fumbo: kitambulisho kilimzuia mgambo kupindua meza. Hapa paliuzwa ulinzi, na watu wakaulipia. Oktoba 2021, wamachinga walipoondolewa kwenye hifadhi za barabara, kitambulisho hakikuweza kumwachia mtu meza yake pale alipozoea. Serikali ilikuwa na hoja za usafi na usalama. Hata hivyo, aliyelipia ulinzi na kuona hauna kinga atahitaji ushawishi mkubwa kulipia karatasi itakayofuata.

Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha. Madai yao hayakuishia kwenye viwango vya kodi. Walitaka pia kujua kodi zilizokwisha kulipwa zimefanya nini. Mwanasaikolojia Erich Kirchler wa Vienna na wenzake wameonyesha kwamba watu hutii sheria za kodi kwa njia mbili, kwa kuogopa nguvu ya dola au kwa kuiamini. Nguvu peke yake huleta utii wa kinyongo, unaokwisha askari akigeuza mgongo.

Anayenufaika bila kuonekana

Mpaka hapa tumemzungumzia anayejiamulia. Kwa walio na mwajiri, maelezo ya hiari na kutokuamini hayatoshi. Wengi hawakuchagua kufichwa. Walifichwa.

Angalia usafiri wa mijini. Matteo Rizzo, katika kitabu chake Taken for a Ride cha mwaka 2017, amechambua daladala za Dar es Salaam. Mwenye gari hamlipi dereva mshahara. Dereva ndiye anayempelekea mwenye gari hesabu ya siku. Mafuta yakipanda, foleni ikizidi au abiria wakipungua, hesabu iko palepale, na kinachobaki ndicho dereva na kondakta wanagawana. Kwa kuwa wanaotafuta gari la kuendesha ni wengi, mwenye gari ndiye anayepanga kiwango. Abiria hulaumu mwendo wa kasi na kukatisha ruti, wakati chanzo chake ni mpango wa ajira unaomwachia dereva hasara zote. Bodaboda wa hesabu yuko katika mpango huohuo.

Sheria haikulala. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya 2004 inasema mtu atahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata dalili moja kati ya zilizotajwa, mojawapo ikiwa kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inamtwisha mwajiri aliyeshindwa kuonyesha mkataba wa maandishi mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa. Nchini Kenya, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamgeuza kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi kuwa mwajiriwa wa mwezi.

Kwa maneno mengine, kwenye vitabu kibarua ana nguvu. Ila ili aitumie, sharti athubutu kumshitaki anayemlisha. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hutakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku hizo kwa aliyefukuzwa ni siku za kutafuta chakula. Kenya nako kuna waajiri wanaowabadilisha vibarua kabla mwezi haujatimia ili kifungu cha 37 kisiwafikie. Haki inayomtegemea mnyonge kuidai peke yake hubaki kwenye karatasi.

Katika nyumba zetu jambo ni gumu zaidi, kwa sababu mwajiri ni sisi. Dada wa kazi huletwa na shangazi au jirani kutoka kijijini, na tunasema tunaishi naye kama mtoto wetu. Yeye hutuita mama na baba. Upendo unaweza kuwepo kweli, ila lugha ya undugu hufanya kudai mshahara kuonekane utovu wa shukrani, na kuomba siku ya mapumziko kuonekane kiburi. Amri ya Mishahara ya Tanzania ya 2022 iliweka kima cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Hata viwango hivyo vidogo hakukuwa na aliyegonga mlango kuuliza kama vinalipwa. Nyumba ni faragha, na mkaguzi wa kazi hana desturi ya kuingia sebuleni.

Mteja naye yumo. Fundi akisema bei na risiti ni hii, bila risiti ni hii, wengi wetu tunachukua ya pili. Tunapofanya hivyo tunamwadhibu mwajiri mwaminifu, ambaye zabuni yake hubeba michango ya watu wake na kwa hiyo huonekana ghali. Taratibu naye hujifunza kuwaficha, la sivyo afunge. Hivi ndivyo kutoandika kunavyogeuka kutoka ujanja wa wachache kuwa sharti la kubaki sokoni.

Bili hufika kwa nani

Siku saidia fundi akianguka jukwaani, mkandarasi hulipa bodaboda ya kumpeleka hospitali na pengine siku mbili za matibabu. Aliyeandikwa angekuwa na madai WCF ya matibabu na fidia ya kipato. Asiyeandikwa huanzishiwa mchango kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mdogo wake huacha shule, mama yake huuza ng'ombe au kipande cha shamba. Zile 1,500 za kila mwezi ambazo mwajiri aliziokoa zimelipwa na watu ambao hawakuwahi kuingia kwenye jengo lile. Serikali ikihesabu hasara ya kazi zisizoandikwa kwa kodi iliyopotea tu, inakosa kuhesabu mzigo huu mkubwa, uliokwisha kuhamishiwa kwa ukoo.

Kuanzia wapi

Hatua ya kwanza ni kugeuza mwelekeo wa msako. Msimamizi wa ujenzi mwenye vibarua 40, mwenye daladala tano na kiwanda chenye foleni getini wako wachache kuliko wamachinga, na wanajulikana walipo, kwa kuwa wana vibali vya ujenzi, leseni za usafirishaji na mikataba ya umeme. Kibali hakipaswi kutolewa wala kuhuishwa bila orodha ya wafanyakazi walioandikwa. Maofisa kazi waongezwe, na mchango uliokatwa bila kupelekwa uhesabiwe kuwa wizi wa mshahara.

Pili, akiba ifuate mwendo wa kipato. Kenya ina mpango wa Haba Haba wa NSSF, unaomruhusu mtu kuchangia shilingi 25 kwa siku kwa simu. Nchini Rwanda, kupitia mpango wa akiba wa Ejo Heza ulioanza 2018, serikali iliongezea akiba ya kaya maskini, hivyo mtu aliona faida tangu siku ya kwanza. NSSF ya Tanzania nayo hupokea wanachama waliojiajiri. Mipango hii itafanikiwa ikiwa kila mchango utaleta ujumbe wa salio papo hapo, na sehemu ya fedha itapatikana kwa ugonjwa au uzazi bila kungoja miaka 15. Imani hujengwa kwa fao lililolipwa kwa wakati kwa mtu ambaye mtaa unamjua.

Tatu, kwa kazi za majumbani, Ulaya imeonyesha kwamba mteja akinufaika na kuandika, ataandika. Ubelgiji tangu 2004 huuza vocha za huduma kwa bei iliyopunguzwa na serikali. Mwenye nyumba hulipia usafi kwa vocha, na msafishaji huwa na mkataba na hifadhi ya jamii. Sweden tangu 2007 humpunguzia mwananchi kodi kwa sehemu ya malipo ya kazi za nyumbani. Hatuwezi kuiga moja kwa moja, maana gharama ni kubwa na wenye nyumba wengi hapa hawako kwenye mfumo wa kodi. Lakini mchango mmoja mwepesi, unaolipwa kwa simu pamoja na mshahara wa dada na kumpa bima ya afya na fidia, uko ndani ya uwezo wetu.

Hatua hizi zina mantiki moja. Aliyejiajiri ashawishiwe kwa faida anayoweza kuigusa, na mwenye kuajiri ashurutishwe, kwa kuwa yeye ndiye anayeweka mfukoni kinachofichwa. Kwa miongo mingi tumefanya kinyume: tumemshurutisha mwenye meza ya matunda na kumbembeleza mwenye ghorofa. Wale wanaojenga miji yetu, wanaotuendesha na wanaolea watoto wetu wanastahili majina yao yawe kwenye daftari linalowalinda. Kazi ya kuyaandika ianze kwa waajiri, na wa kwanza wao wawe wale wenye dada wa kazi jikoni, yaani wengi kati yetu tunaosoma na kuandika makala kama hii.